Chongo, kengeza na Mamba Muntu wawili

Mama mmoja wa Kamalondo aliniletea picha mbili za Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, nizitengeneze. Kazi yangu ndiyo hiyo hapa Lubumbashi: kusafisha picha za zamani, kuziba rangi iliyobanduka, kuweka fremu mpya. Zote mbili zilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Nilipozilaza mezani, akagusa ya kushoto.

"Papa, hii ndiyo nzuri."

Macho yangu yalikuwa yameshakwenda kulia.

Watu huniuliza sana kama uzuri wa picha uko kwenye picha yenyewe au kwenye jicho la anayeitazama. Wengi wamejijibu kabla ya kuuliza: kila mtu na anachopenda, basi. Mimi sikubali.

Tazama maji. Kwenye picha ya kushoto, mchoraji amepiga mawimbi ya upana mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha mkia ukawekwa juu yake kama karatasi iliyobandikwa. Maji hayana habari kwamba kuna kitu ndani yake. Kwenye ile ya kulia, mawimbi yanakuja mapana, yakikaribia mkia yanabanana, yanakatika, na ng'ambo ya pili yanaanza tena membamba. Uzito wa yule mwanamke unauona majini kabla hujautazama mwili wake. Haya sikuyatia mimi. Njoo kibandani, nitakuonyesha kwa kidole, nawe utayaona hata kama habari za Mamba Muntu zinakuchukiza.

Tatizo liko pia kwenye neno lenyewe. "Nzuri" yetu inabeba mizigo miwili: kwamba kitu kinanipendeza, na kwamba kimefanywa vizuri. Ila Kiswahili hichohicho kina methali inayoitenganisha: ukipenda, chongo huita kengeza. Watu huitaja kana kwamba inayapa mapenzi mamlaka ya kuamua. Isikilize tena. Aliyeitunga alijua vizuri kwamba lile jicho ni chongo, la sivyo asingekuwa na la kusema.

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, mwaka 1757 alisimulia upya kisa alichokitoa kwa Cervantes. Ndugu wawili walionjeshwa mvinyo. Mmoja akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Mwingine akasema ya chuma. Wakachekwa. Pipa lilipomiminwa likaisha, chini mkakutwa ufunguo wa chuma wenye kamba ya ngozi. Mwonjaji mzuri hazui ladha. Ulimi wake umefika mahali ambapo ndimi za wengine hazijafika, na ulimi hufundishika.

Yule mama naye hakukosea kupenda. Picha ya kushoto ilinunuliwa na marehemu mume wake, na watoto wote wamekulia chini yake sebuleni. Nani atamwambia aipunguzie mapenzi? Kwangu mimi mambo yamegeuka: mchoraji Mwenze Kibwanga sijawahi kumpenda. Ile mistari yake mifupimifupi inayojaza picha nzima inanichosha, na nyumbani nisingemtundika. Lakini nikimtazama karibu, naona jinsi mistari hiyo inavyobadili mwelekeo kila inapokutana na bega au goti, mpaka mwili unasimama bila kivuli chochote. Huyo ni bwana wa kazi. Ninalazimika kusema hivyo.

Kuna hoja moja nzito dhidi yangu. Mwenze, Pilipili Mulongoy na Bela walitoka kwenye Hangar, warsha iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1946 na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, na wanunuzi wengi wa picha za aina hiyo walikuwa Wazungu. Tshibumba Kanda-Matulu, miaka ya 1970, alichorea sebule za watu wa hapa. Leo kazi zake zinatafutwa na majumba ya makumbusho. Kitambaa ni kilekile, heshima imebadilika. Je, si mwenye fedha ndiye anayeamua ubora? Bei, ndiyo, anaiamua yeye. Lakini ukimpima Tshibumba kwa majani na ndege wa Pilipili, umekosa mizani. Alijiona mwanahistoria, akichora ili watu wakumbuke na wabishane. Mpime hapo: Lumumba wake anasimama wapi, askari wanatazama upande gani, maandishi yanasukuma nini. Nikiulizwa nani mkubwa kati ya hao wawili, nanyamaza, kwa kuwa hawakuitwa kwenye kazi moja.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Nilimwomba aweke kidole kwenye maji ya picha ya kulia na kuyafuata polepole mpaka mkiani. Akafika pale yanapobanana, akasimama, akarudi nyuma, akafuata tena.

"Kumbe maji ya huyu yanatembea."

Halafu akaniomba nimfungie vizuri ile ya mume wake, asije akaikwaruza njiani.