Kuhamisha kumbukumbu za wakala wa akili unde: maana yake, na kinachobebwa

Kuhamisha kumbukumbu za wakala ni kuyatoa yale ambayo programu ya akili unde imejiwekea kukuhusu wewe na kazi zako, na kuyaweka kwenye faili unaloweza kulibeba. Faili hilo laweza kuwa nakala ya akiba, ama mzigo unaoupeleka kwenye mfumo mwingine.

Kwanza tuelewe kumbukumbu hizo zinakaa wapi. Modeli ya lugha, ile sehemu inayotunga majibu, haibadiliki kwa sababu ulizungumza nayo jana. Kinachofanya ionekane inakujua ni daftari lililo nje yake. Ukianza mazungumzo, programu huchukua kurasa zinazohusika na kuipa modeli izisome kabla haijakujibu. ChatGPT ilianza kupewa daftari la namna hii Februari 2024. Kwenye Claude Code, zana ya waandishi wa programu, sehemu ya daftari ni faili la maandishi ya kawaida liitwalo CLAUDE.md, ambalo yeyote anaweza kulifungua akalisoma. Na kwa kuwa daftari liko nje ya modeli, linabebeka.

Chukua kazi ya tafsiri. Wakala aliyefanya kazi na mtafsiri mwaka mzima anajua kwamba mteja wa Nairobi anataka "akili mnemba" na wa Dar es Salaam anataka "akili unde". Anajua mhariri gani hapendi sentensi ndefu, na kwamba kikao cha Jumatatu ni saa mbili asubuhi. Hakuna aliyekaa chini kuyaandika hayo mahali pamoja. Yalikusanyika kidogo kidogo. Akaunti ikifungwa au huduma ikisitishwa, yanapotea yote, na mtafsiri anaanza kumfundisha wakala mwingine alifu kwa ujiti.

Watu wengi huchanganya kumbukumbu na mazungumzo. Ukiomba data zako kwenye ChatGPT, kupitia mipangilio, unaletewa kiungo kwa baruapepe, na kiungo hicho hufa baada ya saa 24. Unachopakua kina mazungumzo yako ya nyuma. Hiyo ni kama kupewa kanda za vikao vyote ulivyowahi kuhudhuria. Kumbukumbu ni muhtasari: mambo machache yaliyochujwa humo, nayo yana ukurasa wake kwenye mipangilio. Usidhani ukishika kimoja umeshika na kingine. Hakikisha unavyo vyote viwili.

Panapowasumbua zaidi wanaojenga mawakala wao wenyewe ni kwenye vekta. Ili wakala apate kumbukumbu inayofaa kati ya maelfu, mifumo mingi hugeuza kila kipande cha maandishi kuwa msururu wa namba unaowakilisha maana yake, ndiyo vekta, kisha hutafuta misururu iliyo karibu na swali lako. Kazi hiyo ina modeli zake: ile ya OpenAI, kampuni iliyounda ChatGPT, iitwayo text-embedding-ada-002 hutoa namba 1,536 kwa kila kipande. Text-embedding-3-large hutoa hadi 3,072. Namba hizo zina maana kwa modeli iliyozitoa tu. Ukizipeleka kwenye mfumo unaotumia modeli nyingine hazisomeki, hata kama idadi yake imelingana. Kwa hiyo anayehamisha vekta peke yake amebeba ufunguo akaiacha nyumba. Beba maandishi asilia. Vekta mpya zitatengenezwa huko uendako.

Pamoja na maandishi, beba tarehe na chanzo cha kila kumbukumbu. Mteja alibadilisha istilahi mwezi Machi? Bila tarehe, mfumo mpya utakuta kauli mbili zinazopingana na hautajua ipi ndiyo ya karibuni. Kwetu sisi kuna na jambo la saa. Kumbukumbu iliyofupishwa ikawa "kikao Jumatatu saa 2", ikitua kwenye mfumo usiojua kwamba Mswahili huhesabu kuanzia jua linapochomoza, inageuka 02:00. Ndiyo maana sipendi kuhamisha muhtasari bila mazungumzo yaliyouzaa.

Zipo juhudi za kuwa na umbo moja la faili linaloeleweka na mifumo tofauti. Kampuni ya Letta, iliyotokana na MemGPT, mradi wa mwaka 2023 wa kuzipa modeli za lugha kumbukumbu, ilitoa mwaka 2025 umbo liitwalo Agent File, lenye kiambishi cha .af. Hubeba maelekezo ya wakala, kumbukumbu zake za karibu, historia ya ujumbe na mpangilio wa zana anazotumia. Toleo la kwanza halikubeba kumbukumbu za ghala, zile za muda mrefu zinazotafutwa kwa vekta. Kwa hiyo hata ukipewa faili la umbo zuri, uliza ni nini kilichoachwa.

Sheria nazo zimeanza kugusa jambo hili. Kifungu cha 20 cha kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, kinampa mtu haki ya kupata data alizozitoa zikiwa katika umbo linalosomeka na mashine. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 ina haki ya namna hiyo kwenye kifungu cha 38.

Faili likishakuwa mkononi, lisome lote kabla ya kulipeleka popote. Utakuta majina ya wateja, pengine nywila uliyowahi kuibandika kwa haraka, na hata maagizo yaliyopenyezwa na ukurasa ambao wakala aliwahi kuusoma. Futa yasiyofaa, kisha lifunge kwa nywila.

Halafu lijaribu. Fungua wakala mtupu, mpe faili, umuulize kikao cha Jumatatu ni saa ngapi. Akijibu saa nane usiku, rudi kwenye faili.