Hakuna anayezaa ili apate ruzuku ya TASAF

Nimelisikia tena, safari hii msibani, kwa mzee ninayemheshimu: "TASAF inawafundisha kuzaa. Mtoto akiongezeka, hela zinaongezeka." Nikanyamaza kwa heshima ya wafiwa. Hapa sinyamazi.

Nimekuwa mwezeshaji wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanza, 2012, na viwango vya awamu ile ninavyo kichwani. Ruzuku ya msingi, shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto, 4,000. Kaya yenye mtoto wa kliniki, 4,000 nyingine. Soma tena: kaya, siyo kila mtoto. Mama akijifungua wa pili, ile 4,000 ya kliniki ilikuwa haisogei. Waliohesabiwa mmoja mmoja ni wanafunzi, wa msingi na wa sekondari; wa msingi, 2,000 kwa kichwa, mwisho wanne. Kwa hiyo mnataka niamini kuna mwanamke anayebeba mimba miezi tisa, analea miaka sita, ndipo apate 2,000 kwa mwezi, tena mtoto asipofikisha mahudhurio ya asilimia 80 inakatwa? Hesabu hiyo haifanywi na mtu yeyote ninayemjua.

Lile jingine, kwamba hela zinaishia kwenye pombe, nalipita haraka. Tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, yaliyoanza 2010, ilikuta kaya zinanunua viatu vya watoto, mbuzi na kuku, na kujiunga na bima ya afya.

Ila kuna lalamiko ambalo sipendi lichanganywe na hayo: "Mbona fulani yumo, mimi simo?" Watu huliita wivu. Siyo wivu. Mkutano wa kijiji ukishataja majina, linakuja dodoso, na dodoso linahesabu vinavyoonekana. Chukua bibi aliyeezekewa bati na mwanawe kabla mwanawe hajafariki, na jirani yake wa makuti. Wote wanapika mara moja kwa siku. Mstari lazima uchorwe mahali, naelewa, lakini kwa watu waliokaribiana hivyo umaskini hauna mstari, na sijaona dodoso linalolitatua hilo.

Na masharti nayo, sina uhakika nayo kama zamani. Mtoto amekosa shule kwa sababu mto umejaa, au anamuuguza mama yake. Tukikata ruzuku ya kaya hiyo, kesho yake atavuka na nini?