Brasi Hufa Hata Katika Maji Yasiyo na Chumvi

Wiki iliyopita, kwa mara ya nne tangu mwaka huu uanze, mwenye boti alisimama mlangoni mwa karakana yangu hapa Kigoma akaniambia kwamba haoni haja ya kufungua viungo vya chini, yaani vile vya brasi vinavyopitisha maji kwenye matundu ya chini ya boti, kwa maneno haya haya: "Fundi, ziwa letu halina chumvi, brasi italiwa na nini?" Nilimweleza kwa zaidi ya nusu saa. Aliitikia kwa adabu, akashukuru, akaondoka bila kufungua hata nati moja. Ninaandika kwa ajili yake na kwa wote wenye imani hiyo, kwa sababu mwezi Juni mwaka jana nilikuwa ndani ya boti iliyokaribia kuzama kwa imani hiyo hiyo, ikiwa imebeba watu tisa, wanne kati yao watoto.

Ilikuwa boti ya faiba ya mita tisa, yenye mashine ya dizeli ya ndani. Mwenye boti alikuwa amewaalika shemeji yake na familia yake kutoka Dodoma waje wakati shule zimefungwa, wapelekwe Mahale kuona sokwe, na akaniomba niende nao kwa kuwa safari ni ya kilomita 120 hivi kuelekea kusini, na mwezi Juni upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Tuliondoka alfajiri, tukaupita Ujiji, tukaupita mdomo wa Malagarasi, ziwa likiwa limeanza kuchafuka. Baada ya hapo nikaona kwamba tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, imekuwa nzito na haiinuki pamoja na wimbi kama inavyopaswa. Nilipofunua ubao wa sakafu, maji yalikuwa yamefika usawa wa betri.

Kiungo cha kuvutia maji ya kupozea mashine kilikuwa kimekatika shingoni, kati ya nati ya ndani na koki. Hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu koki haikuwa na kazi tena: ilining'inia kwenye mpira wake pamoja na kipande cha shingo, na ziwa likawa linaingia moja kwa moja kupitia tundu la milimita 25. Watu hudharau tundu la ukubwa huo. Likiwa sentimita 40 chini ya usawa wa maji huingiza takribani lita 50 kwa dakika, yaani ndoo ya lita 20 kila baada ya sekunde 24. Pampu ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, iliandikwa lita 1,900 kwa saa, na tundu lilikuwa likiingiza lita 3,000. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Hapakuwa na kizibo cha mbao. Mama wa watoto alikuwa amesimama juu yangu akauliza, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Fundi, tunazama?" Nikamjibu, "Mama, nipe mwiko." Alikuwa amebeba mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa watu wengi, na nilichonga mpini wake kwa kisu hadi ukawa mwembamba nchani, nikauzungushia kipande cha kanga yake, nikaugongea ndani ya tundu kwa spana. Maji yalipungua yakawa ya kuchuruzika tu. Kisha nikauchomoa ule mpira kwenye koki, nikaufunga chujio la chai mdomoni, nikautumbukiza ndani ya ngama, ili mashine ivute maji ya kujipozea kutoka ndani ya boti yenyewe na kuyatupa nje. Ilipokausha ngama, kijana mkubwa wa familia ile ilimbidi awe anachota maji ya ziwa kwa ndoo na kuyamimina humo kwa makusudi, jambo lililomshangaza sana, hadi tulipofika ufukweni Ilagala kwa mwendo wa pole.

Nilipokishika kile kipande cha shingo mkononi, kilimegeka kama biskuti. Hakikuwa na kutu, hakikuwa kimepungua unene, na thredi zake zilionekana kamili kabisa. Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Brasi ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na ile ya bei nafuu inayouzwa kwa kazi za mabomba ya nyumbani huwa na zinki karibu asilimia 40. Ikikaa majini, zinki hutoka polepole na kwenda zake, shaba hubaki mahali pale pale ikiwa na vijitundu vingi kama sifongo. Umbo halibadiliki. Chuma kinapokufa unakiona kikivimba na kubanduka, lakini brasi hufa ikiwa imesimama wima.

Kwa hiyo anayesema "ziwa halina chumvi" anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Zinki haihitaji bahari ili itoke. Maji yenye joto huharakisha jambo hilo, na maji ya juu ya Tanganyika hukaa kwenye nyuzi 25 hivi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maji yanayotuama pia huharakisha, na ndani ya shingo ya koki ya boti iliyoegeshwa wiki tatu, maji hutuama. Zaidi ya hayo, si kweli kwamba ziwa hili ni kama maji ya mvua. Mto unaotoka humu ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke, ikiacha nyuma madini yote yaliyoletwa na mito. Ndiyo maana pH yake, kipimo cha asidi na magadi, inakaribia 9, na ndiyo maana maji yake hupitisha umeme mara kadhaa zaidi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, ingawa bado yako mbali sana na bahari.

Halafu huja hoja ya meli ya Liemba, ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia mwenyewe kabla mtu hajafungua kinywa. Ilizamishwa mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927, na mashine zake zikafanya kazi. Basi maji haya hayali chuma. Ninaiheshimu sana meli hiyo, lakini wanaoitaja husahau kwamba Wajerumani waliizamisha kwa nia ya kuirudia, na kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Na hata bila grisi, bamba la chuma la meli na shingo ya brasi yenye unene wa milimita tatu ni vitu viwili vyenye maradhi mawili tofauti. Uzima wa mmoja si cheti cha mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko imani yenyewe, nalo ni lile la rangi. Mafundi wengi wamesikia kwamba bronzi ndiyo inayofaa chini ya maji, na ni kweli, kwa sababu bronzi ni shaba inayopata nguvu yake kwenye madini ya bati, na zinki yake ni kidogo au haipo. Wamesikia pia kwamba brasi ni ya njano na bronzi huelekea wekundu. Basi fundi hupiga tupa kidogo kwenye kiungo kilichokaa majini miaka sita, huona wekundu, kisha humwambia mwenye boti kwa furaha, "Hii ni bronzi safi, una bahati." Wekundu ule ni shaba iliyobaki baada ya zinki kutoka. Amekipa kiungo kilichokufa cheti cha ubora kwa sababu ya dalili ile ile ya kifo chake. Nimelishuhudia hili kwa macho yangu mara tatu, na mara mojawapo fundi alikuwa mtu ninayemheshimu.

Njia ya kutofautisha haihitaji maabara. Usipige tupa mara moja ukaacha. Endelea mpaka umeshuka milimita moja au zaidi, mahali ambapo hapataharibu thredi. Bronzi itabaki na rangi ile ile kutoka juu hadi chini, tupa itauma vizuri, na chembe zake zitang'aa. Brasi inayokufa itaonyesha gamba la rangi ya waridi juu na njano chini, na mpaka kati ya rangi hizo mara nyingi huonekana wazi kama ganda la muwa na nyama yake. Ukiona gamba hilo, hesabu ni unene gani wa njano umebaki, kwa sababu huo ndio unene wa kiungo chako, mwingine wote ni picha tu. Na ikiwa waridi haiishi unaposhuka, huku chembe zikitoka kama unga usiong'aa, basi acha kupiga tupa na uipandishe boti nchi kavu siku hiyo hiyo. Kile kipande cha Juni kilikuwa waridi mpaka ndani, isipokuwa uzi mwembamba wa njano upande mmoja, na ndio huo pekee uliokuwa umeishikilia koki nzima.

Lazima pia niseme kwamba kiungo hicho nilikuwa nimekikagua mwezi Aprili. Nilikigonga kwa mpini wa nyundo, kikatoa sauti niliyoiona nzuri, nikakipitisha. Tangu siku hiyo siuamini mlio peke yake. Kiungo kilichobanwa na nati, faiba na koki hakilii kama kile kilicho huru mkononi, na sioni kwa nini tuendelee kuwafundisha vijana kwamba sikio linatosha.

Mengine nitayapita haraka. Koki za gurudumu za nyumbani hazifai botini. Koki yenye tufe ndani, inayofungwa kwa robo mzunguko, ndiyo inayofaa, nayo ifungwe na kufunguliwa kila mwezi isigande. Silikoni haizuii tundu lililo chini ya maji, na atakayekwambia vinginevyo mwulize kama atapanda. Viungo vya nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo ni vizuri na havina zinki ya kupoteza, mradi usivikaze kwa hasira. Kizibo cha mbao laini kifungwe kwa kamba kwenye koki yenyewe, si ndani ya sanduku la zana.

Kuhusu anodi, kile kipande cha madini kinachofungwa botini ili kiliwe badala ya viungo, hapa nina wasiwasi ambao vitabu havionyeshi, kwa kuwa vyenyewe huwa na safu mbili tu: zinki kwa bahari, magnesi kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Sababu ni nzuri, maana anodi ya zinki kwenye maji baridi hujivika gamba gumu na kuacha kufanya kazi, ilhali magnesi kwenye maji ya chumvi huisha upesi mno. Lakini ziwa hili limekaa katikati ya safu hizo. Mimi hutumia alumini, huikagua kila miezi mitatu, na nimeridhika nayo, ingawa fundi mwenzangu wa Katonga anatumia magnesi na boti zake hazijampa shida. Ambalo halina ubishi ni kwamba anodi hailindi kiungo ambacho hakijaunganishwa nayo kwa waya. Boti ya Juni ilikuwa na anodi nzuri, nzima kabisa, isiyounganishwa na kitu chochote.

Familia ile ilikaa siku mbili Kigoma ikisubiri, kisha tukaondoka tena na viungo vitatu vipya vya bronzi, wakalala Mahale usiku mmoja badala ya mitatu, na sokwe wakawaona. Kinachonisumbua ni vile viungo vitatu vya zamani. Vilinunuliwa siku moja, kutoka boksi moja, vikafungwa na mtu mmoja. Cha kupozea mashine kilikuwa kimekufa, cha beseni la jikoni kilikuwa kimeliwa nusu, na cha tatu, kilichokuwa kwenye kona kavu ya tezi, kilikuwa njano tupu hata nilipokikata kwa msumeno. Karibu na kile cha kwanza nilikuta waya wa pampu ya ngama umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe, ukiwa umelala majini, na umeme unaovuja hivyo unaweza kumaliza brasi haraka kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo siwezi kusema kwa uaminifu ni sehemu gani ya kifo kile ni kazi ya ziwa na ni sehemu gani ni kazi ya waya. Nusu iliyobaki ya kiungo cha tatu nimeifunga kwa kamba ya nailoni na kuitumbukiza chini ya gati, mbali na waya wowote, na kila baada ya miezi sita ninakata kipande chembamba kutazama njano imebaki kiasi gani. Katika kipande cha kwanza, gamba la waridi lilikuwa limeanza, jembamba kama karatasi.