Makucha ya tairi: yanavyoitoa gari topeni

Makucha ya tairi ni vipande vya mpira mgumu, plastiki au chuma, vyenye meno, vinavyofungwa juu ya tairi kwa mkanda. Mkanda hupitishwa kwenye uwazi wa rimu, ukaizunguka tairi, kisha ukakazwa kwa bizimu. Minyororo ya nchi za theluji huifunika tairi nzima, na aghalabu huvishwa kabla gari halijakwama. Makucha hufungwa moja moja gari likiwa tayari limezama, wala hayahitaji jeki.

Chukua Probox iliyonasa kwenye njia ya ndani huko Mtongwe mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea. Matope yameziba mifereji ya tairi, imekuwa laini kama ndizi iliyomenywa. Dereva akikanyaga mafuta, difu ya kawaida, yaani gia inayogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, huacha nguvu ikimbilie upande mwepesi, kwenye gurudumu linaloteleza. La pili halisogei. Akizidi kukanyaga, ndivyo anavyozidi kujichimbia shimo. Ukucha, kwa kuwa umetokeza nje ya tairi, hupenya tope na kung'ata udongo mgumu wa chini, gari likasogea kidogo, na ukucha unaofuata ukapokea.

Kwa hiyo lazima chini pawe na kitu cha kung'ata. Kwenye mchanga mkavu wa ufuo wa Nyali au Shanzu hapana, na makucha yatakuzamisha upesi kuliko tairi tupu. Huko mimi ningetoa upepo hadi presha ya psi 15 au 18, nitandike mbao au makuti mbele ya tairi, na jicho moja liwe baharini, maana maji yakianza kujaa hayamngoji mtu. Upepo urudishwe kabla ya kushika kasi barabarani.

Makucha hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, pande zote mbili, kwa sababu ya ile difu. Vitz na Probox nyingi huvuta kwa mbele. Hiace za matatu na tuktuk, nyuma. Watu hukosea hapa, wakafunga gurudumu lililozama zaidi hata kama halivuti.

Kabla ya kununua, chungulia nyuma ya rimu. Rimu za chuma zenye vitundu vidogo hazipitishi mkanda, na hata zenye uwazi mkubwa zaweza kuwa na kalipa (kibanio cha breki) iliyokaribia mno. Mkanda ukigusa kalipa, paipu ya breki au waya wa sensa, unaweza kutoka topeni ukiwa huna breki.

Wakati wa kufunga, injini izimwe na handibreki ivutwe. Chimbua tope hadi mkono upite nyuma ya tairi. Na kama tumbo la gari limelalia ardhi, chimba hapo kwanza. Makucha hayanyanyui gari. Kisha gia ndogo, mafuta kidogo, na wanaosukuma wasisimame usawa wa magurudumu: mkanda ukikatika, kipande huruka.

Ukishatoka, fungua papo hapo. Lami hukata mikanda, nayo makucha hugonga madigadi. Ioshe mikanda na bizimu kwa maji matamu kabla ya kuvirudisha kwenye buti, kwa kuwa chumvi ya pwani hula chuma haraka, na bizimu yenye kutu haifunguki ukiwa umepiga magoti kwenye tope.