"Ping Inajibu, Kwa Hiyo Ruta Ni Nzima": Dhana Inayopoteza Siku Nzima

Wiki hii nimeisikia tena, kwa maneno yaleyale: "Fundi, ping inajibu vizuri, ruta haina shida. Tatizo ni programu." Basi mwenye programu anahangaika siku tatu kutafuta kosa ambalo halipo kwake.

Ping ni amri inayotuma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, na kusubiri jibu. Ya kawaida kwenye Windows hubeba baiti 32 tu za data. Kwenye Linux, 56. Pakiti ndogo namna hiyo hupenya karibu kila mahali. Lakini mhasibu akivuta ripoti ya mwezi, seva humtumia pakiti zilizojaa hadi baiti 1500, kipimo cha kawaida cha Ethernet. Laini ikiwa ya PPPoE (njia ya mtoa huduma kumuunganisha mteja), baiti 8 zinaliwa na vichwa vyake, yaani maelezo yanayotangulia data, zinabaki 1492. Pakiti ya 1500 haiwezi kupita, na kwa kuwa kompyuta nyingi hukataza pakiti zao zisikatwe njiani, kifaa kinachoikwamisha huitupa kisha humrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP (taarifa fupi za hali ya mtandao, ambazo hata ping huzitumia) apunguze ukubwa. Utaratibu huu umeandikwa tangu 1990, kwenye waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1191.

Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, dada wa ile ya kwanza: kwamba kufunga ICMP yote kwenye faiwoli ni usalama. Ukiifunga yote, ujumbe ule haumfikii mtumaji. Anatuma tena pakiti ileile, inatupwa, anasubiri, anatuma tena, na kila mara anasubiri muda mrefu zaidi. Mtumiaji anachokiona ni hiki: ukurasa wa kuingilia unafunguka, nywila inakubaliwa, kisha ripoti inagota. Vidogo vinapita, vikubwa vinakwama. Ukisikia malalamiko ya aina hiyo, acha programu, nenda kwenye ruta.

Pima hivi. Kwanza hakikisha seva inajibu ping ndogo. Kisha kwenye Windows andika ping -f -l 1472 na anwani ya seva. Kwenye Linux, ping -M do -s 1472. Hizo 1472 pamoja na baiti 28 za vichwa ndizo 1500. Ikigoma, shuka taratibu. Ikianza kupita kwenye 1464, njia yako ni ya 1492. Weka MTU hiyo (ukubwa wa juu wa pakiti) kwenye poti ya nje, ruhusu ICMP ya "pakiti ni kubwa mno", na uipangie ruta ishushe MSS ya TCP (data ya juu katika pakiti moja, bila vichwa) hadi 1452. Mimi hiyo MSS huiweka kwenye kila laini ya PPPoE siku ya kwanza, bila kusubiri mtu alalamike, na nakusihi ufanye hivyo.

Mtandao ukiwa mzito, utasikia dhana nyingine: "Tuongeze kifurushi." Mara nyingi ni kutwanga maji kwenye kinu. Mtu mmoja akianza kupandisha faili kubwa, bafa ya ruta (hifadhi yake ya muda) hujaa na pakiti za wengine hupanga foleni nyuma yake. Piga ping kabla ya kupandisha, piga tena wakati faili linapanda. Muda wa jibu ukiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia, washa fq_codel au CAKE (mipangilio ya ruta inayosimamia foleni), na uweke kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Usipoweka kikomo hicho, foleni itabaki kwenye modemu, ambako ruta yako haina amri.

"Poti tumeifunga kwenye 100 full ili iwe imara." Yaani kasi ya Mbps 100, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Na upande wa pili je? Ukiachwa ujipangie wenyewe, utaitambua kasi lakini utaangukia half duplex, kutuma na kupokea kwa zamu. Kiungo kinawaka, ping inajibu, na mzigo ukizidi kila kitu kinaburuta. Soma vihesabio vya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) na migongano ya kuchelewa. Pande zote mbili zijipangie, au zote mbili zifungwe.

"Programu huchelewa kufunguka, ikishafunguka iko sawa." Hapa anza na DNS, huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani. Ruta ikigawa anwani ya DNS iliyokufa kama ya kwanza, kompyuta husubiri sekunde kadhaa kabla ya kuuliza ya pili. Jaribu kila anwani kwa amri ya nslookup, iliyokufa iondoe kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani.

Na tafadhali, usizime ruta kabla sijafika. Ukiizima, jedwali la NAT (orodha ya miunganisho inayopita kwenye ruta) linafutika, na kwenye ruta nyingi ndogo kumbukumbu za makosa pia. Hivyo ndivyo vitu vya kwanza ninavyokuja kuvisoma.