Si kila jengo kuukuu la Dar ni la Mjerumani

Safari hii aliyesema ni mwongozaji mwenzangu, kitambulisho shingoni, wageni wamemzunguka: "Na huu mnara ni wa enzi za Mjerumani." Alikuwa ananyoosha kidole kwenye Mnara wa Saa. Mnara uliojengwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji! Mjerumani alikuwa ameshaondoka miaka arobaini na ushee.

Jamani, tuelewane leo. Mimi natembeza wageni kwa miguu kuanzia stesheni ya reli hadi Kariakoo, na hii kauli ya "la Mjerumani" naisikia kila kona. Ukuta ukiwa na ukungu, la Mjerumani. Dirisha likiwa na mbao, la Mjerumani. Hapana.

Kilicho cha Mjerumani pale stesheni ni reli yenyewe. Ujenzi ulianza Dar mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma mapema 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walioinua tuta na kubeba mataruma ni Waafrika kwa maelfu, hilo nalo lisemwe. Treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inaondokea stesheni mpya iliyo jirani, ile yenye paa la sura ya tanzanite, nayo ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. TAZARA, ya reli ya kwenda Zambia, ni stesheni nyingine kabisa, iko mbali Barabara ya Nyerere, kwa hiyo mwambie dereva wa bajaji unataka ipi.

Sasa shika Sokoine Drive kuelekea Kivukoni. Hutakwenda sana utaifikia Old Boma, na hapa ndipo ninapokosa subira. Jengo hili ni la 1866 au 1867. Alilijenga Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya kupokea wageni wake, alipokuwa anauanzisha mji huu kando ya kijiji cha Mzizima. Wajerumani walikuja kukaa Dar mwaka 1887. Toa moja kwenye nyingine: ni kama miaka ishirini. Majid alifariki 1870, mji ukapoa, na Mjerumani alipokuja akakuta nyumba imesimama akaitia ofisi zake. Kutumia nyumba si kuijenga. Mpangaji hawi mwenye nyumba kwa sababu amekaa sana.

Ingia ndani utazame juu. Dari limebebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, kwa sababu mti wa mkoko haukupi urefu mkubwa. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kama Zanzibar, kama Lamu. Gusa ukuta: mawe ya matumbawe na chokaa. Tazama mlango wa kuchonga. Hiyo ni nyumba ya pwani yetu, waliijenga mafundi wa pwani yetu.

Lakini sitaki kuwauzia kanuni rahisi. Matumbawe na chokaa peke yake si ushahidi, maana Mjerumani naye alijengea matumbawe. Na vitabu hupenda kukupa mwaka mmoja kwa kila jengo, kana kwamba lilishushwa zima siku moja. Nyumba halisi huongezwa ghorofa, huhamishwa mlango, hupigwa plasta ya sementi juu ya chokaa. Nikisimama mbele ya baadhi ya nyumba za mjini, ninachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba ghorofa ya chini na ya juu hazilingani umri.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, haya sawa, ni ya enzi za Mjerumani. Tusonge.

Sanamu ya Askari pale Samora ni ya Mwingereza, 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipouteka mji 1916. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa 1940 chini ya Mwingereza. Nendeni, na msiishie kwenye magari ya viongozi: muone fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959, na vitu vya Kilwa.

Kinachoniuma zaidi ni Uhindini, mitaa ya kati ya Samora na Mnazi Mmoja. Duka chini, familia juu, baraza la ghorofani linaangalia barabara, na juu kabisa kwenye paji la jengo jina na mwaka. Mengi ni ya enzi za Mwingereza, yaliyojengwa kwa fedha za wafanyabiashara wa Kihindi waliozaliwa au kuzikwa hapa hapa. Mwaka ule wa juu usiuamini moja kwa moja, huenda ni wa ghorofa iliyoongezwa, lakini jina liamini. Haya ndiyo yanayobomolewa kupisha maghorofa ya vioo, na sisi waongozaji tumechangia, kwa sababu tumewafundisha watu kwamba chenye thamani ni cha Mjerumani tu. Mwenye kiwanja akiambiwa jengo lake "si la Mjerumani", anaona ameruhusiwa kuvunja.

Kisha Kariakoo. Lile soko kubwa lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa 1975. Zile nguzo zilizotanuka juu si pambo: paa lilibuniwa kukusanya maji ya mvua na kuyashusha kwenye matangi chini ya ardhi. Moto uliliunguza Julai 2021. Nimewahi kumsikia mtu akisema hata hilo ni la Mjerumani, nikashindwa kujibu kwa upole.

Khanga nunueni Mtaa wa Uhuru mkirudi, pale Mnazi Mmoja. Inauzwa kwa doti, vipande viwili havijakatwa, kwa hiyo mtafute fundi wa kukata na kupinda ncha kabla hamjapanda treni. Na someni jina lake kwanza, dada yangu, kabla hujampelekea mama mkwe.