Baada ya mshtuko wa moyo, usimkalishe mzee kitini

Mgonjwa akirudi nyumbani baada ya mshtuko wa moyo hupokelewa na amri moja: tulia. Mama watoto hamruhusu kubeba hata jagi la maji. Chai analetewa kitandani. Nia ni njema, lakini mimi ninayewafanyia fiziotherapia wagonjwa wa moyo hapa Nairobi huletewa mtu wiki kadhaa baadaye akiwa mnyonge kuliko siku aliyoruhusiwa, na mara nyingi kiti ndicho kilichomdhoofisha.

Misuli isiyotumika hunywea upesi, hasa ya mapaja. Ikishanywea haivuti oksijeni vizuri kutoka kwenye damu, basi kazi ndogo tu, kama kutoka stejini hadi getini, inaulazimu moyo kwenda mbio. Misuli ikizoezwa, kazi ileile inafanyika kwa mapigo machache. Ndiyo maana daktari akisharidhika na hali ya mgonjwa, tunaanza kumtembeza angali wodini.

Kliniki tunaanza na kipimo cha kutembea dakika 6. Tunahitaji ukumbi ulionyooka wa mita 30, koni mbili na saa. Anakwenda na kurudi kwa kasi yake. Akichoka anasimama, ila saa haisimami. Mita nazihesabu, lakini jicho langu liko kwenye mkono unaopanda kifuani kila akigeuka kwenye koni, kisha anamtafuta binti yake mlangoni. Hofu hiyo naishughulikia mapema, maana anayeamini kwamba ngazi zitamuua hatafanya zoezi lolote nisipokuwepo.

Saa za kisasa za mkononi nazo zimetuletea kazi. Mtu anakimbiza idadi ya mapigo aliyoisoma mtandaoni, kumbe anameza beta-bloka, dawa inayoyashusha mapigo makusudi. Hatafika hapo bila kujiumiza. Mimi hutumia mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo huo unatosha. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 za mwendo kama huo kwa wiki, nasi hulifikia polepole. Kwenye misitu ya Karura na Arboretum hapa Nairobi kuna njia nzuri, ila anayeishi mtaa wa Umoja hana haja ya nauli. Azunguke mtaani pale palipo tambarare, milima itangoja.

Kwa ambaye hajaugua, utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanywa katika nchi 52, ulionyesha kwamba mambo 9 yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza. Mengi yako mikononi mwetu: sigara, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, chakula. Anayeacha sigara, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa karibu nusu. Sijui dawa ya bei rahisi kuliko hiyo.

Kwenye chakula mimi hugombana na chumvi kuliko nyama. Angalia ubao wa choma: pembeni pana rundo la chumvi, na kila kipande kinachovywa humo. Kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo mkate, soseji na vile vimraba vya mchuzi vimeshahesabiwa. Mwambie mhudumu alete kachumbari na ndimu, rundo alirudishe.

Vidonge usiviache kwa sababu unajisikia nafuu. Nafuu hiyo huenda imeletwa navyo.

Ukiwa mazoezini kifua kikikubana, maumivu yakashuka mkononi au yakapanda tayani, ukatokwa na jasho baridi, simama uketi, utumie dawa ya chini ya ulimi kama ulipewa. Yasipoisha ndani ya dakika 5, nenda hospitali yenye huduma ya dharura, na usiendeshe gari mwenyewe. Wengi huyaita vidonda vya tumbo, wakanywa maziwa na kulala.